Keki Ndogo za Nazi na Nanasi, Bila Yai wala Maziwa

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa hewani)

Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa, taa inawaka vema, na karatasi ya somo iko mbele yake. Walimu, kabla hatujaanza nawaomba muandike ubaoni maneno haya matano, kwa herufi kubwa za kuonekana hata na aliyekaa nyuma: tui, siki, baikaboneti, kijiko cha chai, kijiko kikubwa. Nitangoja.

(Kimya cha nusu dakika)

Vema. Somo la leo ni la jikoni. Najua wako watakaocheka kusikia sauti ya mwanamume ikifundisha habari za keki. Nao wacheke, kwa maana nitawaeleza mbele kidogo jinsi nilivyochekwa kwa haki.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisimamia madarasa ya jioni katika mji mmoja wa pwani. Darasa la akina mama lilipomaliza kitabu cha kwanza walitaka kufanya karamu ndogo, nami nikajitolea kuleta keki. Nilikuwa nimesoma katika gazeti moja habari za keki zilizotengenezwa kwa ladha ya kinywaji cha mbali kiitwacho piña colada, cha nazi na nanasi. Nikafikiri, nazi tunazo, nanasi tunayo, kuna taabu gani?

Taabu ilikuwako. Maelezo ya gazeti yalitaka mayai matatu, siagi, maziwa na pombe ya ramu. Na katika darasa lile alikuwamo mama mmoja ambaye mtoto wake wa miaka 6 hawezi kula yai. Siyo kwamba halipendi. Alipokuwa mchanga alionjeshwa yai, midomo ikavimba, mwili ukatoka vipele na pumzi ikambana, akapelekwa hospitali mbio. Alikuwamo jirani yetu Mhindi wa dini ya Kijaini, naye hali yai wala nyama. Na zaidi ya nusu ya darasa walikuwa Waislamu, nao pombe hawaigusi. Basi swali lilikuwa hili: je, yawezekana watu hawa wote wale kutoka sahani moja, pasiwe na mtu wa kukaa pembeni na kuambiwa, “Wewe utaletewa karanga”?

Tuanze na kinywaji chenyewe, maana kina hadithi inayotugusa. Piña colada ni kinywaji cha kisiwa cha Puerto Rico, kilicho katika Bahari ya Karibi chini ya Marekani. Kwa Kihispania maana yake ni nanasi lililochujwa, na husomwa “pinya kolada”. Hoteli moja kubwa ya mji wa San Juan, iitwayo Caribe Hilton, husema kwamba mhudumu wake Ramón Marrero ndiye aliyekichanganya kwanza mwaka 1954. Mkahawa mmoja wa mji huo huo hudai kwamba ni wao, mwaka 1963. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Lililo wazi ni kwamba mwaka 1978 Puerto Rico ilikitangaza kuwa kinywaji chake rasmi. Ndani yake mna maji ya nanasi, tui zito lililotiwa sukari, barafu na ramu.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza mimi. Nanasi asili yake ni Amerika ya Kusini. Wazungu walilionja mara ya kwanza mwaka 1493, Columbus alipofika kisiwa cha Guadeloupe, na baadaye mabaharia ndio waliolieneza hata likafika kwetu. Lakini minazi haikuwako katika visiwa vile. Wareno ndio walioichukua nazi kutoka Bahari ya Hindi, baada ya Vasco da Gama kupita pwani yetu mwaka 1498, wakaipanda visiwa vya Cape Verde, na kutoka huko ikavuka hata Karibi. Mwaka 2011 wataalamu waliochunguza mbegu za urithi za minazi ya dunia walikuta kwamba minazi ya upande wa Bahari ya Atlantiki ni ndugu wa ile ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo katika gilasi ile ya Puerto Rico, nanasi ni la kwao na nazi ni ya upande wetu.

Twende kwa yai. Watu wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama, si nyama tu bali hata yai, maziwa na asali, siku hizi huitwa vegani. Neno hili lilitungwa Uingereza mnamo Novemba 1944, Donald Watson na wenzake wachache walipoanzisha chama chao. Walichukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno la Kiingereza la watu wasiokula nyama, wakaziunganisha. Mwaka ule vita vilikuwa bado havijaisha, na Mwingereza mtu mzima aligawiwa yai moja hivi kwa juma, akilipata. Kwa hiyo akina mama wengi wa Uingereza walikuwa tayari wanajua kuoka keki bila yai, si kwa imani yo yote, bali kwa kukosa. Wamarekani nao walikuwa wamejifunza hivyo hivyo katika shida ya miaka ya 1930. Mapishi nitakayowapa leo ni mjukuu wa keki zile za dhiki.

Yai hufanya kazi gani ndani ya keki? Kazi zake ni nyingi, lakini tutazame mbili. Kwanza, likipigwa hushika hewa, na hewa hiyo ikipata moto hutanuka na keki ikaumuka. Pili, moto ukizidi yai huganda, likaishika keki isianguke. Tukiliondoa, lazima kazi zake zipate mtu mwingine.

Kazi ya kuumua tutampa baikaboneti, yaani ule unga mweupe laini wa soda unaouzwa madukani kwa ajili ya kuoka. Angalieni, si magadi ya kuivishia maharagwe. Magadi ni makali kupita kiasi na yataharibu keki. Baikaboneti ikikutana na kitu kichachu, kama siki au maji ya nanasi, hutoa povu. Walimu mlio na siki darasani, wekeni baikaboneti kidogo kwenye gilasi, mmimine siki, darasa lione. Mapovu yale ni hewa iitwayo kabonidayoksaidi, ndiyo ile ile iliyo katika chupa ya soda. Ikinaswa ndani ya unga uliolowana, keki hupanda. Lakini povu halingoji mtu. Likishaanza linaendelea mpaka liishe, na ukiacha unga wako mezani ukaenda kuamkiana na mgeni mlangoni, utarudi ukute hewa imekwisha toka. Ndiyo maana katika keki hizi jiko hutayarishwa kwanza, na siki hutiwa mwisho.

Kazi ya kushika tutauachia unga wa ngano wenyewe. Ndani ya ngano mna kitu kinachovutika kama mpira unapokanda chapati. Katika keki twataka kidogo tu cha mvutiko huo, kwa hiyo hatuukandi unga wala kuupiga kwa nguvu. Ukiupiga sana utakula keki ngumu kama mkate wa juzi.

Na ramu? Watu wengi husema, “Tia tu, moto utaichoma pombe yote.” Si kweli. Vipimo vilivyofanywa Marekani vilionyesha kwamba chakula kilichochanganywa na pombe na kupikwa dakika 15 hubaki na asilimia 40 hivi ya pombe ile. Asiyetaka pombe basi asidanganywe na neno hilo. Lakini ladha ya ramu twaweza kuikaribia kwa njia nyingine. Ramu hutengenezwa kwa miwa, hasa ile asali nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa. Na sisi tunayo sukari guru, ambayo ni maji ya miwa yaliyochemshwa bila kuondolewa asali yake. Harufu yake nzito ni jamaa ya ile ya ramu. Tutaitumia hiyo.

Jambo la mwisho kabla ya kupika ni nanasi. Bila shaka mmekwisha ona kwamba ukila nanasi bichi jingi ulimi huwasha. Ndani yake mna kitu kiitwacho bromelini, chenye tabia ya kuvunjavunja protini, na ulimi wako nao una protini. Kadhalika kinaweza kuudhoofisha ule mvutiko wa unga, na wewe umeutegemea uishike keki yako. Dawa yake ni moto. Nanasi likichemka, bromelini hupoteza nguvu. Kwa hiyo tunapika nanasi kwanza, hatulitii bichi. Nanasi la kopo limekwisha pikwa kiwandani, nalo lafaa.

Haya, chukueni kalamu. Vipimo hivi ni vya keki ndogo 12, zile zinazookwa katika vikombe vya karatasi au vibati vidogo. Kikombe ninachosema ni cha robo lita, na kitumike hicho hicho kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kijiko cha chai ni kile kidogo cha kukorogea sukari. Kijiko kikubwa ni cha mezani, nacho hubeba vijiko vya chai 3. Nitarudia: 3.

Unga wa ngano, kikombe 1 na nusu. Sukari nyeupe, nusu kikombe. Sukari guru iliyotwangwa ikawa laini, robo kikombe. Baikaboneti, kijiko cha chai 1. Chumvi, nusu kijiko cha chai. Tui zito, nusu kikombe. Maji ya nanasi lililopikwa, nusu kikombe. Vipande vya nanasi hilo, vilivyokatwa kama punje za mahindi, nusu kikombe. Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 4. Siki, kijiko kikubwa 1. Na kwa kupaka juu, kikombe 1 cha tui zito na nusu kikombe cha sukari.

Kuna nazi 2 za kukuna. Weka kando vijiko vikubwa 2 vya nazi iliyokunwa, ukaange pasipo mafuta mpaka iwe rangi ya dhahabu, ni pambo. Iliyobaki itie kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, ukamue katika kifumbu. Ukikosa kikombe 1 na nusu cha tui, ongeza maji kidogo tu, ukamue tena. Wenyeji wa pwani sina haja ya kuwafundisha kukamua nazi. Wenzetu wa bara, mnaweza kutumia tui la kopo, lakini lisomeni kopo lisiwe limetiwa sukari tayari.

Nusu ya nanasi imenye, ikatekate, uitie robo kikombe cha maji na kuifunika, ichemke kwa moto mdogo dakika 10. Chuja. Maji yakipungua nusu kikombe, jazia na maji ya kunywa. Acha yapoe kabisa, kwa sababu maji ya moto yatalichochea povu kabla ya wakati wake.

Sasa jiko. Mwenye joko la umeme au gesi aliwashe kwa nyuzi 180. Mwenye jiko la mkaa achukue sufuria nene, aweke mchanga mkavu wa vidole viwili, aifunike na kuipasha moto robo saa. Juu ya mchanga aweke bati la kuokea, na juu ya kifuniko apalie makaa. Moto wa juu uzidi wa chini, la sivyo keki zitaungua matako zikiwa bado mbichi vichwa.

Katika bakuli changanya vitu vikavu: unga, sukari zote mbili, baikaboneti na chumvi. Katika bakuli la pili changanya tui, maji ya nanasi na mafuta. Mimina majimaji juu ya vikavu, ukoroge polepole mpaka usione unga mkavu. Vidonge vidogo visikusumbue. Tia vipande vya nanasi. Ndipo utie siki, ukoroge mara kumi tu, ujaze vikombe theluthi mbili, na upeleke motoni papo hapo. Dakika 20 zikipita chomeka njiti katikati ya keki moja. Ikitoka kavu zimeiva; ikitoka na uji, ngoja dakika 3 nyingine. Jiko la mkaa laweza kutaka muda zaidi, na usifunue kila mara.

Sasa hadithi ya kuchekwa kwangu. Nilizichanganya keki zile mbele ya darasa zima, ili iwe somo la kusoma pia. Maelezo yalikuwa ubaoni kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilipofika kwenye baikaboneti nikachota kijiko kikubwa. Mama yule mwenye mtoto, ambaye miezi minne kabla yake hakujua hata herufi moja, akanyosha mkono. “Bwana Mwalimu,” akasema, “hapo pameandikwa ki-ji-ko cha cha-i.” Nami, Mungu anisamehe, sikutazama ubao. Nikamjibu kwamba ni mamoja, tuendelee.

Haikuwa mamoja. Nilikuwa nimetia mara tatu ya kipimo. Keki zilipanda kwa fujo, zikaanguka katikati, zikawa nyeusi kama kahawa, na ladha yake ilikuwa ya sabuni. Baikaboneti ikizidi ile inayoweza kulika na uchachu, inayobaki huiachia keki ladha hiyo na kuipa weusi. Tulizitupa zote kumi na mbili. Mara ya pili yule mama alisimama ubaoni akisoma neno kwa neno, nami nikipima kama nilivyoamriwa. Darasa likacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Wakati zikipoa tulipika ya kupaka juu. Tia kikombe cha tui na nusu kikombe cha sukari na chembe ya chumvi katika sufuria, moto mdogo, ukoroge bila kuacha na kwa upande mmoja ili tui lisikatike. Baada ya dakika 15 au 20 litakuwa zito, likishika mwiko. Wapishi wa Ulaya na Marekani hupiga tui lililogandishwa kwenye friji likawa kama malai. Kwao yafaa. Lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na mchana wa pwani hupita hapo bila taabu, kwa hiyo malai hayo yatakutiririkia mikononi kabla mgeni hajaketi. Hili la kupikwa hukaa. Paka keki zikishapoa, nyunyiza nazi uliyokaanga. Zisilale zaidi ya siku moja nje ya friji, maana tui huchacha.

Nina maneno mawili ya kusoma karatasi za makopo, na haya ni muhimu kuliko mapambo. Siagi za mimea nyingi zimetiwa maziwa kidogo. Tafuteni neno maziwa katika orodha iliyo nyuma ya kopo, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Na wale wapendao kuweka cheri nyekundu juu ya keki, watazame kama pameandikwa E120. Hiyo ni rangi itokanayo na mdudu, na mtu vegani hali. Herufi moja na tarakimu tatu, kila mmoja wenu aweza kuzisoma sasa.

Kwa mwenye mtoto kama yule, uangalifu uzidi. Bakuli, mwiko na vibati vilivyogusa yai vioshwe kwa sabuni kabla ya kuanza, na mapishi ya mayai yasifanywe meza ile ile wakati ule ule. Mtoto akivimba midomo au pumzi ikimbana baada ya kula kitu cho chote, msimpe dawa ya nyumbani na kungoja. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Siku ile mama aliziosha sufuria zote mwenyewe, hakumwachia mtu. Mtoto alipewa keki ya kwanza. Sote tulikuwa tukizungumza, lakini naona hakuna aliyesikia alichoambiwa, maana macho yalikuwa kwake. Mama yake alimtazama midomoni, kisha shingoni, kisha midomoni tena. Robo saa ikapita. Mtoto akauliza kama zimebaki nyingine. Jirani yetu Mhindi akampa nusu ya yake.

Sasa kazi ya darasa. Kwanza, kila mmoja aandike upya vipimo vya keki 12 viwe vya keki 6. Atakayekwama kwenye nusu ya kikombe 1 na nusu amwulize mwalimu. Pili, andikeni kwa sentensi mbili kwa nini siki hutiwa mwisho. Tatu, njooni na karatasi ya kopo au pakiti yo yote kutoka nyumbani, tuisome pamoja. Kipindi kijacho kitakuwa siku kama ya leo, saa mbili usiku. Walimu, kusanyeni gilasi zile za siki kabla hazijamwagika juu ya vitabu. Kwaherini.